Kutoka Herrnhut hadi Rungwe: maneno kwa wazee na vijana wa ushirika

Bwana Yesu asifiwe.

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, mama zangu, wanakwaya, wapiga tarumbeta, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma: nawasalimu wote. Ndaga fijo kwa kunipokea. Mliniletea ujumbe kabla sijafika kwamba mnataka nieleze habari za Kanisa na imani huko Ujerumani ninakofanya kazi ya uuguzi, na yale niliyoyaona nikizunguka makanisa ya kule katika likizo zangu. Nitasema niliyoyaona, na nitasema pia ninavyoyafikiri, maana nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Tangu niteremke kwenye basi hapa Tukuyu, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: ni kweli makanisa ya Ulaya ni matupu? Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa majivuno kidogo. Nimesikia pia ikihubiriwa kwamba Wazungu walituletea Injili, kisha wao wenyewe wakaitupa, na sasa ni zamu yetu kuwarudishia. Naomba tukae na swali hilo leo, kwa sababu naona tunalijibu upesi mno.

Ni kweli, viti ni vingi kuliko watu. Mimi naishi katika jimbo la Sachsen, mashariki mwa Ujerumani. Jumapili ya kawaida unaweza kuingia kanisa lililojengwa kwa ajili ya watu mia kadhaa ukakuta wazee wachache wamekaa mbalimbali, na kinanda kinasikika kuliko sauti zao. Mara za kwanza nilikuwa nikitoka nje nimehuzunika. Lakini mtu anayesema watu wa kule waliiacha imani kwa sababu ya utajiri, huyo hajui walikopitia. Sachsen ilikuwa sehemu ya Ujerumani Mashariki, nchi iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti, kuanzia 1949 hadi 1990. Serikali ile haikufunga makanisa yote. Ilitumia njia ya polepole zaidi: ilianzisha sherehe yake ya vijana, inayoitwa Jugendweihe, ili ichukue nafasi ya kipaimara, na kijana aliyeng'ang'ania kipaimara angeweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo. Mzazi alitakiwa achague kati ya Kanisa na maisha ya mbele ya mtoto wake. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka thelathini. Watoto wa waliochagua shule hawakufundishwa Baba Yetu, na wajukuu hawakuwa na wa kumuuliza.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo mama mmoja ambaye alitaka kuwa daktari. Alikuwa wa kwanza darasani. Baba yake alisema mtoto atapata kipaimara kama yeye na babu yake walivyopata, na mlango wa chuo ukafungwa hapohapo. Alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu. Alinisimulia asubuhi moja nikimvalisha soksi zile za kubana miguu, wala hakulalamika. Alikuwa akinijibu tu nilipomuuliza kama aliwahi kupenda kazi ya hospitali. Tangu siku hiyo nimejiuliza: sisi tunaojaza mabenchi, na tunaoongeza maturubai nje siku za sikukuu, wangapi wangebaki ndani kama nafasi ya mtoto ya kwenda kidato cha tano ingetegemea kutobatizwa kwake? Siulizi ili kumhukumu mtu. Nauliza kwa sababu wale wazee wachache ninaowakuta Jumapili wamekwisha kulijibu swali hilo kwa maisha yao.

Niwapeleke Leipzig kidogo. Ndugu zetu Walutheri wa Kilimanjaro wanaujua mji huo, maana wamisionari wao wa mwaka 1893 walitumwa kutoka huko. Palikuwa na kanisa la chuo kikuu, St. Pauli, lililookoka mabomu ya vita kuu ya pili. Tarehe 30 Mei 1968 serikali ya wakati ule ililipua kanisa hilo kwa baruti, jengo zima likashuka chini katikati ya mji, mchana, watu wakitazama. Baada ya hapo, ungedhani Wakristo wa Leipzig wangejificha. Lakini miaka ya themanini, katika kanisa jingine la mji huohuo, Nikolaikirche, watu walianza kukutana kila Jumatatu saa kumi na moja jioni kuombea amani. Mlango uliachwa wazi kwa kila mtu, mwenye imani na asiye nayo. Walikuja waliokatazwa kusafiri, waliofungwa kwa maneno yao, vijana wasiojua hata wimbo mmoja wa kitabuni.

Tarehe 9 Oktoba 1989 polisi na askari walikuwa wamejipanga mitaani, na chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake wawahi viti kanisani ili waombaji wakose nafasi. Wanachama hao walikaa, na wakasikia maombi kama wengine walivyosikia. Watu walipotoka nje na mishumaa, walioandamana walifika kama 70,000. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Wengi katika umati ule hawakuwa waumini, na wengi hawakurudi kanisani baada ya uhuru kupatikana. Nimewasikia Waafrika wenzangu wakilitaja hilo kama ushindi uliopotea. Mimi naona Kanisa lilifanya kazi yake siku ile. Lilifungua mlango, likaombea nchi, likawafundisha watu kutembea bila mawe mikononi. Halikuwadai malipo ya uanachama.

Sasa tuje kwetu, Wamoravian.

Herrnhut, mahali Kanisa letu lilipozaliwa upya, kwetu hapa ni jina kubwa. Tumelikuta kwenye mafundisho ya kipaimara, na wengine hapa wana nyota ile ya karatasi inayoning'inizwa wakati wa Krismasi. Nilipofika nilishangaa udogo wake. Ni mji mdogo mno, pembeni kabisa mwa Ujerumani, karibu na mipaka ya Poland na Cheki, vilima vyake vya kijani vinafanana na vya kwetu ila hakuna migomba. Waliouanzisha walikuwa wakimbizi kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Cheki, watu walioshika mafundisho ya Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415. Tarehe 17 Juni 1722 seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza wa kujengea, kwenye ardhi ya bwana mmoja kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Wazee wa Tabora na Kigoma waliowaona wakimbizi wakivuka mpaka na mikeka kichwani wataelewa maana ya mtu kukupa ardhi hali hajui utakaa siku ngapi.

Na wakimbizi wale waligombana. Hili tusilifiche vijana wanapofundishwa habari za tarehe 13 Agosti 1727, siku walipopatana. Kabla ya siku ile ya Meza ya Bwana, kijiji kilikuwa kimejaa ubishi wa mafundisho, kila kundi likiliona lingine limepotea. Walilazimika kukaa chini na kuandikiana masharti ya kuishi pamoja, wakatia saini mwezi wa Mei, na upendo ukaja baada ya saini. Wakaanza maombi ya kupokezana saa kwa saa, usiku na mchana, yakaendelea kwa miaka mia moja. Kijiji cha watu wachache kiasi kile! Halafu mwaka 1732 wakatuma wamisionari wao wa kwanza, Leonhard Dober aliyekuwa mfinyanzi na David Nitschmann aliyekuwa seremala, waende kisiwa cha St. Thomas huko Karibi.

Kuna mtu katika habari hiyo ambaye sisi Waafrika hatumtaji vya kutosha. Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen, na huko akakutana na mtu mweusi, mtumwa kutoka St. Thomas, aitwaye Anton. Anton alimweleza kwamba ana dada yake kisiwani anayetamani kumjua Mungu, wala hakuna wa kumfundisha. Dober na Nitschmann walisafiri kwa sababu ya maneno hayo. Basi tunaposema wao walitukumbuka, tukumbuke pia kwamba aliyesema kwanza alikuwa wa upande wetu.

Na nitasema lililo gumu. Misheni ileile, baada ya miaka michache, ilinunua shamba kisiwani pamoja na watumwa wa kulilima. Ndugu waliotoka Herrnhut, waliokula Meza ya Bwana pamoja na watu weusi, walimiliki watu weusi. Na katika kisiwa hichohicho aliishi Rebecca, mwanamke aliyezaliwa utumwani, akapata uhuru wake, akawa anatembea mashambani jioni kuwafundisha watumwa wenzake, mpaka akatiwa jela. Nilipoketi katika kanisa la Herrnhut niliwakumbuka wote wawili, Anton na Rebecca, nikashukuru na kuumia kwa wakati mmoja. Sioni sababu ya kuchagua kimoja. Imani tuliyopokea ilikuja kwa mikono ya watu, na mikono ya watu ina mambo yote mawili.

Jumba lao la ibada ni jeupe ndani yote. Mabenchi meupe, kuta nyeupe, madirisha makubwa yasiyo na picha. Hakuna madhabahu ya dhahabu. Ipo meza tu. Jumba la kwanza liliungua Mei 1945, vita vikiwa vinamalizika, wakalijenga upya wakiwa maskini. Nimeona Köln, kanisa kuu lililoanza kujengwa 1248 likamalizika 1880, minara yake ina urefu wa mita 157, na nilisimama chini yake nikakosa la kusema. Lakini Herrnhut ndipo nilipojisikia nimefika kwa watu wangu.

Juu kidogo ya mji, kwenye mteremko wa kilima cha Hutberg, kuna makaburi. Hapa naomba wazee wangu mnivumilie, kwa sababu nitakachosema kinagusa nyumba nyingi, hata yetu. Makaburi yale ni mawe ya bapa yaliyolazwa ardhini, ya namna moja, kwa maelfu, katika safu. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Hakuna eneo la ukoo. Mtu huzikwa kwa zamu ya kufa kwake, kwa hiyo fundi viatu amelala kando ya mwanachuoni, na mjakazi kando ya bibi aliyemtumikia. Familia ya Zinzendorf peke yake ndiyo iliyowekewa makaburi yaliyoinuliwa, katikati. Na mtu akitaka kuhoji hilo ana haki. Wengine wote ni sawa. Humo ndimo vijana wa kiume wa Herrnhut walipoimba alfajiri ya Pasaka mwaka 1732, na ndiyo maana nasi tunakwenda makaburini na matarumbeta kabla jua halijachomoza.

Tumechukua alfajiri, tumechukua matarumbeta. Usawa tumeuacha kule. Nimepita makaburi yetu wiki hii. Nimeona vigae vya kung'aa, nguzo, mapaa ya bati, uzio wa chuma, na pembeni yake tuta la udongo lenye msalaba wa mti ambao mvua za Rungwe zimekwisha kuuozesha. Nimezijua familia zilizokopa kwenye vikoba ili baba yao asionekane ameachwa, na watoto wakarudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule. Ninajua heshima ya mzazi kwetu Wanyakyusa ina uzito gani, na simwambii mtu avunje alichojenga. Nasema ushirika wa Kimoravian una neno la kusema juu ya jambo hili, neno lililosemwa kwa mawe kwa karibu miaka 300, na sijasikia likisemwa mimbarini.

Mwaka 2024 UNESCO iliitia Herrnhut katika orodha ya urithi wa dunia, pamoja na Bethlehem ya Marekani na Gracehill ya Ireland Kaskazini, ziungane na Christiansfeld ya Denmark iliyokuwamo tangu 2015. Watalii watakuja kupiga picha. Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani wako hapa Tanzania. Kama mtalii akitoka kule akaja Rungwe, atatambua nini kuwa ni cha familia moja?

Yapo mengine mawili nitayasema kwa ufupi kabla sijafika kwenye ombi langu.

Mji wa Bautzen hauko mbali na Herrnhut. Kanisa lake kuu, St. Petri, linatumiwa na Wakatoliki na Walutheri pamoja tangu 1524. Ni jengo moja. Wakatoliki wana upande wa mbele, Walutheri wana ukumbi wa watu, na katikati kuna kizuizi ambacho zamani kilikuwa kirefu kuliko mtu na siku hizi unaweza kumpa jirani mkono juu yake. Walipangiana saa za ibada kwa mkataba ili wasigombane, katika karne ambayo Wakristo wa Ulaya walikuwa wakiuana kwa sababu ya madhehebu. Nikifikiria spika zetu za mkesha, kanisa hili likiongeza sauti ili lile lisisikike, na mgonjwa yuko katikati hapati usingizi, natamani wazee wa pande zote wangekwenda kusimama pale Bautzen saa moja tu.

Katika vijiji vya kandokando wanaishi Wasorbi, watu wachache wenye lugha yao isiyo Kijerumani. Jumapili ya Pasaka wanaume wao Wakatoliki huvaa makoti meusi na kofia ndefu, wakapanda farasi waliopambwa, wakaenda parokia hadi parokia wakiimba habari za ufufuo kwa Kisorbi. Lugha hiyo ilikatazwa hadharani wakati wa Hitler, na nyumba na makanisa ndiyo yaliyoitunza. Wanakwaya, msione aibu kuimba Kinyakyusa. Msiache watu wa mjini wawaambie ni ushamba.

Na kodi ya kanisa, ambayo vijana wanaotaka kwenda huko wameniuliza. Ukijiandikisha unaulizwa dini yako, na ukisema wewe ni Mlutheri au Mkatoliki, serikali inakukata kwa niaba ya Kanisa. Kwa Sachsen ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Si ya mshahara, wengi wanachanganya. Wapo wenzetu wanaoandika kwamba hawana dini ili wasikatwe, kisha msiba ukitokea wanamtafuta mchungaji. Hilo linaniuma. Mchungaji yule huja, na siku zote nimeona akija.

Sasa ombi langu. Kila mtu hapa anajua kwamba msibani husomwa wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, alilazwa, akafa. Huandikwa usiku mmoja na mjomba anayejua kuandika vizuri, katika kelele za kupanga jeneza. Kule Herrnhut ni desturi tangu karne ya 18 mtu aandike habari za maisha yake mwenyewe, angali hai, aeleze jinsi Mungu alivyotembea naye, pamoja na mashaka yake na siku alizokasirika. Nayo ndiyo husomwa siku ya mazishi. Ofisi ya kumbukumbu ya Herrnhut ina maelfu ya habari hizo: za mafundi, wajane, wamisionari waliofika huku kwetu tangu mwaka 1891. Tukitaka kujua Wajerumani wale walifikiri nini walipouona mlima Rungwe kwa mara ya kwanza, karatasi zipo.

Lakini mwaka 1916 Waingereza walipoingia na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa, walioshika ushirika ni babu zetu. Hawakuwa na mishahara. Walizika, walifundisha, walitunza kitabu cha ubatizo, hawakujua kama kuna mtu atakuja tena. Walikuwa wachache, kama wale wazee ninaokaa nao Jumapili kule Sachsen. Wao hawakuandika. Waliosimuliwa na midomo yao sasa wana umri wa miaka themanini na tisini, na baadhi yenu mmekaa hapa mbele yangu.

Asubuhi kazini, yule mama aliyenyimwa udaktari husoma andiko la siku kwa Kijerumani kabla ya chai, nami nalisoma kwa Kiswahili. Ni andiko moja, lililochaguliwa kwa kura kutoka kwenye bakuli huko Herrnhut, kama lilivyokuwa likifanyika tangu kitabu cha kwanza cha mwaka 1731, na leo linasomwa katika lugha zaidi ya hamsini. Siku moja aliniuliza huku kwetu nani alikuwa wa kwanza kulisoma, na alikuwa mtu wa namna gani. Nilimtajia babu wa mama yangu. Aliponiuliza zaidi sikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Basi nimezungumza na mchungaji, na amekubali. Kuanzia kesho saa tatu asubuhi, vijana wawili wa kwaya watakaa katika ofisi ya ushirika wakiwa na madaftari na simu ya kurekodia. Mzee anayeweza kutembea aje; asiyeweza, atume mjukuu aseme, nasi tutamfuata nyumbani. Msitutayarishie hotuba. Anzeni popote, kwa Kinyakyusa au kwa Kiswahili, hata kama ni habari za mvua ya mwaka fulani. Nitakuwepo mpaka Jumamosi, na nikiondoka vijana wataendelea. Mama zangu, anayefahamu nyumba yenye kitabu cha zamani cha nyimbo au barua za wakati ule, amwambie katibu wa ushirika leo kabla hatujatawanyika.